Nchi Rafiki

Sauti ya Jefwa Mwaringa iliingia kwenye simu ya mkewe Jumanne moja saa nne asubuhi, Jedida akiwa steji ya Gede anauza mahamri. Aliisikiliza mara moja. Akafunika sinia, akamwachia biashara muuza madafu aliyekuwa jirani yake, akashika njia ya nyumbani. Kandambili moja ilimkatikia karibu na kanisa, naye akaendelea na mguu mmoja mtupu.

Nyumbani alimkuta mamamkwe, Kabibi, akipepeta mahindi uani. Wifi yake Sidi alikuwa barazani, meza imejaa karatasi za wanafunzi. Sidi alikuwa daktari, lakini si wa sindano wala dawa. Alikuwa daktari wa sayansi ya siasa katika chuo kidogo cha binafsi mjini Kilifi. Kijijini waliliona jina tu, wasiijali tofauti, na mara mbili aliletewa watoto wenye homa.

Jedida aliiweka simu juu ya zile karatasi, akabonyeza.

“Jedida, sikiliza vizuri, sina muda. Ile kazi ya kulinda ghala haipo. Tulilinda wiki tatu tu. Wamechukua pasipoti zetu, wametupa magwanda na bunduki. Kesho tunapelekwa mbele. Tuko Wakenya kumi na mmoja, na Uweis yule wa Ngomeni yuko hapa nami. Kumbe ule mkataba tuliotia saini umeandikwa hivyo, kwa lugha yao. Mwambie dada. Dada anawajua watu hawa, ameandika habari zao. Mwambie afanye haraka.”

Kabibi alikuwa amesimama na ungo mkononi. “Mbele wapi?” akauliza.

Sidi alikuwa akiirudisha sauti ile mwanzo.

“Nauliza, mbele ya nini?”

“Vitani, Mama,” akasema Sidi.

Bibi kizee aliuweka ungo chini taratibu, asimwage hata punje. “Lakini si ulisema hawawezi?”

Alisema, kweli. Miezi mitano iliyopita, hoteli ya Watamu alikokuwa akichomelea vyuma ilipofungwa, Jefwa alirudi nyumbani na habari za wakala wa Malindi aliyekuwa akitafuta walinzi wa kwenda ng’ambo. Kabibi alisikia kwenye redio kwamba nchi ile iko vitani, akaogopa. Basi wakamuuliza Sidi, kwani ndani ya nyumba ile ni yeye aliyekuwa amesoma mambo hayo kwa miaka tisa. Naye akawajibu kama alivyowajibu wanafunzi wake. Nchi ile ina bunge, ina magazeti, inapiga kura, tena ina mkataba wa urafiki na nchi yetu. Serikali inayongoja kura huogopa jeneza, kwa sababu mama aliyezika mwanawe hasahau siku ya kupiga kura. Nchi ya namna hiyo huenda vitani kwa hadhari, na haimkamati mgeni kumtia jeshini. Hayo hufanywa na madikteta. Kisha akachukua karatasi yenye nembo ya chuo, akamwandikia mdogo wake barua ya kumsifu.

“Nilisema,” akakiri Sidi.

“Wewe ndiwe uliyesema,” Jedida akarudia. Hakuinua sauti. Alichukua simu yake, akaifutia unga kwenye leso. “Sasa waambie ni ndugu yako.”

*

Kesho yake Jedida na Sidi walikwenda Malindi. Afisi ya wakala ilikuwa orofani, juu ya duka la fundi cherehani. Walikuta kufuli jipya. Kibao kilikuwa kimeng’olewa, yamebaki matundu manne ya misumari.

“Mwamtafuta Hesbon?” fundi aliwauliza walipokuwa wakishuka. Mguu wake haukuacha kukanyaga cherehani. “Ameondoka tangu mwezi uliopita. Nyinyi ni wa saba wiki hii. Poleni.”

Wakaenda afisi moja ya serikali. Walingoja kwenye benchi tangu saa tatu hadi adhuhuri ikaadhiniwa msikitini na kwisha. Karani alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Alimtazama Jedida kwanza.

“Wewe ni nani wake?”

“Mkewe.”

“Cheti cha ndoa?”

“Tulioana kimila. Wazee walikaa, wakanywa mnazi, mahari ikapokewa.”

“Mnazi hauna muhuri, mama.” Vijana wawili wa meza ya nyuma wakacheka. Karani akamgeukia Sidi. “Na wewe?”

“Dadake.”

“Unafanya kazi gani?”

“Nafundisha. Siasa za kimataifa.”

Karani alimwangalia kwa muda, kama mtu anayepima iwapo anafanyiwa mzaha. “Basi si wajua mwenyewe.”

Hata hivyo alikwenda kutafuta faili, na akaipata, jambo ambalo hawakulitarajia. Aliifungua mbele yao. Ndani mlikuwa na nakala ya pasipoti, picha ya Jefwa aliyojilazimisha kutocheka, na karatasi moja yenye nembo ya buluu.

“Huyu aliondoka kwa hiari,” akasema karani, kidole juu ya ile karatasi. “Hakuibiwa mtu hapa. Angalia, ana barua nzuri kabisa. Mtiifu, ana nguvu, hachoki, hufuata maagizo. Imetiwa saini na daktari wa chuo.” Akainama kulisoma jina, kisha akainua macho, akalisoma tena. Alifunga faili, akawapa anwani ya barua pepe iliyoandikwa kwenye kipande cha gazeti.

Maneno hayo ya mtiifu asiyechoka ni Sidi aliyeyaandika. Alipoyaandika alikuwa akifikiria lango la ghala, si vita.

Walirudi Gede. Walipofika njia ya nyumbani, Jedida alisimama ghafla.

“Wifi, nieleze kitu. Ulisema serikali ile yaogopa jeneza kwa sababu ya kura.”

“Ndiyo.”

“Sasa Jefwa ampigia nani kura huko?”

Sidi alisimama jua kali likimpiga utosini, na jambo alilolihangaikia kwa miaka tisa likamfungukia mbele ya macho yake. Kumbe wanaoogopa majeneza ya kwao hutafuta majeneza ya watu wengine. Mkataba wa urafiki haukuwa kinga, ulikuwa mlango wa kuwapitishia. Katika orodha zote za vita za utafiti wake, safu baada ya safu, hakuwahi kuwahesabu watu hawa, maana hawakuwa raia wa yeyote aliyepigana.

Lilikuwa wazo zuri. Alijua papo hapo kwamba ni zuri kuliko yote aliyowahi kuyapata, na moyo ulimruka kwa furaha kabla hajaweza kuuzuia. Jedida alikuwa akimtazama usoni. Hakulijua lile wazo, lakini ile furaha aliiona.

*

Wiki mbili baadaye palikuwa na kongamano katika hoteli moja ya Watamu. Kichwa chake kilikuwa Demokrasia, Vita na Ushirikiano wa Mataifa. Gharama zote zililipwa na ubalozi wa nchi rafiki. Sidi alikuwa ameshapangwa kuwasilisha mada tangu mwanzo wa mwaka, na mkuu wa idara yake, Profesa Gachanja, alikuwa mwenyekiti.

Katika siku zile Sidi aliandika barua pepe ishirini na mbili. Alijibiwa moja, kwa simu. Afisa wa ubalozi alikuwa na sauti ya upole, akazungumza Kiingereza cha taratibu.

“Daktari, nimelipata jina la ndugu yako. Nakuahidi tunalifuatilia. Lakini mambo haya huenda vizuri yakienda kimya. Jina likitajwa hadharani, wakubwa wangu watalazimika kukanusha, na wakishakanusha, mimi sitakuwa na mtu wa kumtafuta. Unanielewa?”

“Muda gani?”

“Wiki mbili. Pengine tatu.”

Gachanja naye alimwita afisini. Alimpa pole, akamwagizia chai. “Usichanganye ya nyumbani na ya jukwaani, Sidi,” akamwambia. “Chuo hiki kinaishi kwa wageni. Na nduguyo pia, kwa sasa, anaishi kwa hisani yao.”

Sidi alikuwa na hotuba mbili mkobani. Moja ilikuwa ya zamani, yenye yale aliyoyaamini siku zote. Nyingine ilikuwa na kurasa nne mpya alizoziandika usiku ule ule waliporudi kutoka Malindi, na jina la Jefwa katika mstari wa kwanza. Hakuwa ameamua. Aliwaambia mama yake na Jedida waje. Kabibi alivaa gauni lake la kanisani na leso mpya juu yake.

Mlinzi wa lango aliwatazama wanawake wale wawili, akawaonyesha upande wa jikoni. “Vibarua waingilia kule.”

“Sisi ni wageni wa kongamano,” Jedida akasema.

“Kadi?”

Hawakuwa nazo. Walisimama juani robo saa mpaka Sidi alipotoka kuwaita. Kabibi hakulalamika. Alimwuliza mlinzi ni wa wapi, naye akasema Dabaso, na kumbe Kabibi alimjua shangazi ya kijana huyo. “Shikamoo, Mama,” akasema yule mlinzi, akatazama chini.

Ukumbini mlikuwa na watu kama sitini. Wahadhiri, maafisa, mashirika, na safu moja ya wazee wa vijiji walioalikwa ili picha zipendeze. Kwa ajili ya wazee hao aliletwa mkalimani, Tasneem, msichana wa Malindi aliyekuwa akifasiri kwa siku hiyo moja tu. Wale wageni wa ubalozi walikuwa wanne, na wao hawakujua neno la Kiswahili ila jambo na karibu.

Zamu ya Sidi ilipofika, yule afisa wa ubalozi alimwinamishia kichwa kidogo na kutabasamu, kama watu wanaotunza siri moja. Sidi alitia mkono mkobani. Akatoa ile hotuba ya zamani.

Aliisoma dakika ishirini bila kukwama. Alisema kwamba demokrasia ni chombo cha kupunguza vita. Alisema mikataba baina ya marafiki huwalinda wanyonge. Aliyasema akijua, na hakuyainua macho yake hadi nyuma ya ukumbi, walikoketi mama yake na Jedida. Alijiambia wiki mbili, pengine tatu.

Ilipofika saa ya maswali, mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Kabibi. Gachanja alijifanya hakuuona. Lakini bibi hakungoja kuitwa. Alisimama, akajifunga leso vizuri.

“Mimi naitwa Kabibi Sanga, wa Gede. Nimezaa watano, nimebakiwa na wawili. Mmoja ni huyo aliyekuwa akisema hapo mbele. Wa pili mnaye nyinyi. Aitwa Jefwa Mwaringa. Alikuja kwenu kulinda ghala, hakuja kupigana. Mimi sina ugomvi na adui yenu, hata jina lake silijui. Nataka mniambie, mwanangu yu hai au amekufa? Kama yu hai, nirudishieni. Ni hilo tu. Asanteni.”

Wale wageni wanne waligeuka kumtazama mkalimani. Tasneem alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Gachanja alimwinamia akamnong’oneza, na waliokuwa karibu walimsikia. “Fupisha. Weka uzuri.”

Msichana alimtazama Sidi, na macho yake yaliomba msaada. Kisha akasema kwa Kiingereza, “Mama huyu anawashukuru kwa ukarimu wenu. Ana mtoto anayefanya kazi katika nchi yenu. Anaomba urafiki wa mataifa haya mawili uendelee kudumu.”

Ukiwatoa wageni wale na wazee wa vijiji, watu zaidi ya arobaini katika ukumbi ule walijua lugha zote mbili. Walikuwamo mawakili, maprofesa, mchungaji mmoja, na mwanamke aliyetunukiwa nishani kwa kutetea haki za binadamu. Wengine waliangalia karatasi zao. Mmoja alikohoa. Sidi alikuwa na kipaza sauti mbele yake, na taa yake ilikuwa ikiwaka. Ilimtosha kusema, hapana, sivyo alivyosema. Aliufungua mdomo wake, akaiona sura ya yule afisa wa sauti ya upole, akaufunga.

Mgeni mkubwa wa ubalozi aliguswa sana. Alisimama, akaweka mkono kifuani, akasema kwamba maneno ya mama yule ndiyo ushahidi wa mambo yote yaliyozungumzwa siku ile. Akaanza kupiga makofi kabla Tasneem hajayafasiri maneno yake, na ukumbi mzima ukamfuata.

Kabibi alitazama huku na huku. Taratibu, uso wake ukafunguka.

*

“Alisema nini yule mkubwa?” aliuliza walipokuwa wakitoka langoni. “Walipiga makofi sana. Atamrudisha?”

Sidi alimshika mkono. “Amesema wataangalia, Mama.”

“Alisema hivyo?”

“Hivyo.”

Jedida alikuwa amesoma mpaka kidato cha nne, na Kiingereza kilikuwa somo lake. Alitembea hatua mbili nyuma yao. Hakusema kitu siku hiyo, wala kesho yake. Ila kuanzia siku hiyo hakumwita Sidi wifi. Alimwita Daktari.

*

Siku ya kumi na mbili baada ya kongamano, Uweis wa Ngomeni alipiga simu kutoka hospitali. Alikuwa amepoteza mguu. Alizungumza na Jedida polepole, akipumzika kati ya maneno kama mtu anayepanda ngazi.

“Shemeji, Jefwa hayupo. Niliona kwa macho yangu. Tulimfunika kwa turubai, tukashindwa kumbeba. Pale tulipomwacha sasa pako mikononi mwa wengine.”

“Siku gani?”

“Ilikuwa Alhamisi. Au Ijumaa. Kule siku hazina majina, shemeji. Wiki mbili zilizopita.”

Kongamano lilikuwa Ijumaa. Sidi aliichukua simu akauliza mwenyewe mara tatu, Alhamisi au Ijumaa, asubuhi au jioni, hadi Jedida akamnyang’anya simu. “Mwache apumzike. Unatafuta nini?” Sidi alijua anachotafuta. Kama ilikuwa Alhamisi, kimya chake hakikumuua mtu. Aliitaka Alhamisi ile kama mwenye kiu ayatakavyo maji. Uweis hakuweza kumpa.

Yule afisa wa ubalozi hakupokea simu tena. Siku tatu baadaye ilifika barua pepe ya mistari mitano isiyo na jina la mtu chini yake. Ilisema nchi yao haina kumbukumbu ya raia wa Kenya aitwaye hivyo katika utumishi wowote, na kwamba urafiki baina ya mataifa haya mawili ni imara.

*

Matanga yakakaliwa bila maiti. Turubai lilifungwa uani, viti vya plastiki vikakodiwa kwa wageni, na ndani ya nyumba wafiwa wakatandika mikeka wakakaa chini. Sidi alikaa ukutani, karibu na mama yake. Watu waliingia, wakashikana mikono nao mmoja mmoja, wakalia, wakatoka.

Gachanja alifika siku ya pili na wahadhiri wawili. Alitoa pole kwa heshima zote, kisha akamwita Sidi pembeni, nyuma ya jiko.

“Nimesoma zile kurasa nne ulizonitumia,” akasema kwa sauti ya chini. “Ni jambo kubwa, Sidi. Hakuna aliyelisema namna hiyo. Likichapishwa, litasomwa duniani kote. Matanga yakiisha, tulishughulikie.”

Sidi alimtazama. “Wewe ndiwe uliyemwambia yule msichana afupishe.”

“Na wewe ulikuwa na kipaza sauti,” Gachanja akamjibu, bila ukali wowote. Akamshika bega, akarudi kwa wenzake chini ya turubai.

Jedida alikuwa mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi. Alikuwa amesikia. Aliuweka mwiko, akajipangusa mikono, akaingia ndani akapiga magoti mbele ya mamamkwe wake. Alimweleza yote kwa Kigiriama, neno kwa neno. Alimweleza aliyoyasema Kabibi mwenyewe ukumbini, aliyoyafasiri mkalimani, makofi yalikuwa ya nini, na nani alinyamaza. Sidi alipoingia, wanawake wote waliokuwa mikekani walikuwa wamemkodolea macho.

Kabibi hakulia. Alikuwa amekwisha kulia siku zile.

“Ni kweli?” akamwuliza binti yake.

“Mama, waliniahidi. Walisema nikinyamaza watamtafuta. Niliogopa nikimtaja…”

“Sikukuuliza kwa nini. Nauliza ni kweli?”

“Ni kweli.”

“Wale wote walinielewa?”

“Walikuelewa, Mama. Wote ila wale wanne.”

“Na wewe.”

“Na mimi.”

Nje watu walikuwa wakiimba wimbo wa mazishi kwa sauti za chini, na mtu alikuwa akigawa chai. Wanawake walingoja. Sidi alipiga hatua kuelekea pale alipokuwa ameketi tangu jana, ukutani, baina ya mama yake na shangazi zake.

Kabibi alinyosha mkono akautandaza mkeka mahali pale, kisha akamvuta Jedida akamkalisha hapo.

“Mapenzi,” akamwita mpwa wake aliyekuwa akihudumia wageni. “Toka nje utafute kiti kizuri, kisichokuwa na ufa. Kiweke chini ya turubai, kwa wale wageni waliotoka chuoni.”

“Cha nani, shangazi?”

“Cha Daktari,” akasema Kabibi. “Ametoka mbali. Mpeni na chai.”